Injini Haifi Bila Sababu: Kabla ya Kununua Nyingine, Fungua Iliyonoki

Leo naweka programu kando. Nyinyi mnaokuja hapa kwa ajili ya Linux na hifadhidata mnivumilie kidogo, maana ninachotaka kusema kinawahusu pia. Kuna ugonjwa katika gereji zetu ambao ungetokea kwenye chumba cha seva, mtu angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Ugonjwa wenyewe ni huu: gari linanoki, fundi anasikiliza dakika mbili, anafunga boneti, anajifuta mikono na kutoa hukumu. "Mzee, hii imeisha. Tafuta injini nyingine ya Japani."

Hakuna aliyefungua kitu. Hakuna aliyepima kitu. Hakuna hata aliyemwaga oili kwenye karai jeupe aone imebeba nini.

Nasema wazi: kubadilisha injini kabla ya kujua kilichoua ya kwanza si matengenezo. Ni kamari. Anayerusha karata ni fundi, lakini hela zilizo mezani ni zako.

Watu wa kompyuta mnaujua mchezo huu. Seva imeanguka saa nane usiku. Unaweza kuizima na kuiwasha bila kusoma logi hata mstari mmoja, nayo itaamka, na bosi atakusifu. Lakini diski iliyojaa bado imejaa. Kesho usiku seva inaanguka tena. Sasa fikiria umenunua seva mpya kabisa, halafu ukachomoa ile diski iliyojaa na kuihamishia humo. Unacheka? Hivyo ndivyo tunavyofanyiwa na magari yetu, na tunalipa.

Nina mfano ulionikera hadi nikaandika haya. Shemeji yangu ana Subaru Forester ya turbo, ile ya SG5, yenye injini ya EJ205 ya lita 2. Anabebea mboga na maziwa kutoka Dundori kuja mjini Nakuru, na hapo ndipo karo ya watoto inapotoka. Injini ikanoki. Gereji moja (jina halitatusaidia) ikamwambia anunue nyingine. Akachukua mkopo wa sacco, injini ikaja, ikafungwa kwa siku mbili. Kabla ya miezi minne kuisha, ya pili nayo ikanoki. Mkopo ulikuwa bado mbichi kabisa. Alipouliza kulikoni, jibu likawa: "Bwana, wewe unakanyaga sana. Halafu hizi turbo haziwezi nchi hii."

Tulizivuta injini zote mbili hadi kwangu Lanet, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, tukaanza kusoma logi. Logi ya injini ni chuma chake.

Injini ya kwanza ilisema hivi. Beringi ya konrodi moja ilikuwa imekwaruzwa hadi ikageuka na kukata shafti. Chini ya sampu kulikuwa na oili inayometameta kama rangi ya Krismasi. Hiyo ndiyo maiti, lakini muuaji bado. Nikashika turbo, nikatikisa shafti yake kwa vidole viwili: ilicheza hadi mapanga yakagusa ukuta. Ncha za mapanga upande wa hewa zilikuwa zimelika kana kwamba zimepigwa msasa. Na kweli zilipigwa msasa. Gari lilikuwa limeng'olewa boksi lake la filta la kiwandani na kuwekewa filta ya koni ya bei rahisi, ile inayofanya turbo ipige mluzi vijana wageuke. Jina Nakuru huelezwa kuwa limetoka kwenye Kimaasai, likiwa na maana ya mahali pa vumbi. Sasa wewe unaweka filta ya mapambo mahali pa vumbi, unatarajia nini?

Basi mnyororo ukawa huu. Vumbi lilikula mapanga, shafti ikapoteza mizani, beringi za turbo zikaanza kusagika. Oili inayopita kwenye turbo hurudi kwenye sampu, na vipande vya chuma vikarudi nayo. Filta ya oili ilijitahidi, lakini filta hiyo ina vali ndani yake: ikiziba sana, vali hufunguka ili injini isikose oili, hata kama ni chafu. Uchafu ukafika kwenye konrodi.

Injini ya pili? Ilikuja kutoka Japani bila turbo. Kwa hiyo fundi akahamisha turbo ya zamani, "bado inazunguka." Akahamisha na kipoza oili, kile kinachokaa karibu na filta na kupitisha maji ya rejeta. Akahamisha na filta ya koni. Nilikipitishia kile kipoza mafuta ya taa, nikayachuja kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kiling'aa. Injini mpya ilivishwa nguo za marehemu, na ugonjwa ulikuwa bado kwenye nguo.

Sasa turudi kwa ule msemo wa "turbo haziwezi nchi hii." Naupinga kwa nguvu zote. Turbo si mchezo wa vijana uliozuka juzi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipewa hataza yake mwaka 1905. Simama kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret uangalie malori yanayopandisha kuelekea Timboroa, juu ya mita 2,500: yale ya kisasa yana turbo karibu yote, na yanabeba mizigo mchana na usiku. Na ukitaka Subaru hasa, Impreza ya turbo ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 na Richard Burns. Vumbi lilikuwa hili hili letu. Utaniambia timu zile zilikuwa na pesa za kiwanda. Kweli. Lakini pesa zile zilinunua nini? Zilinunua filta nzuri, oili safi, na watu waliofungua injini wakaangalia kilichotokea. Viwili vya kwanza hata shemeji yangu anavimudu. Cha tatu ni tabia tu.

Tena sisi wa huku juu ndio tunaoihitaji turbo zaidi. Lanet iko zaidi ya mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 81, wakati Mombasa ni 101. Injini ya kawaida imeshapoteza karibu moja kwa tano ya hewa yake kabla hujaingiza gia. Turbo inaweza kuirudisha hewa hiyo, ila si bure. Ukitaka kilopaskali 180 ndani ya injini, Mombasa turbo inazidisha hewa kama mara 1.8, Lanet inabidi izidishe kama mara 2.2. Maana yake inazunguka kwa kasi zaidi, kifaa ambacho tayari huvuka mizunguko 100,000 kwa dakika, shafti yake ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo jambo la kweli la kusema si kwamba turbo haiwezi nchi hii. Jambo la kweli ni kwamba huku juu turbo haisamehi uzembe.

Wengine watasema: maneno matupu, mtu wa kompyuta atafufua injini wapi? Kwenye kibanda, Jumamosi sita, nikiwa na mwongozo wa kiwanda na fundi mmoja kijana aliyekubali kwenda polepole. Sisemi hivi kujigamba. Nasema ili muone kwamba vinavyokosekana gereji si vitu vya ajabu.

EJ205 imelala, pistoni mbili huku na mbili huku, na bloku lake ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Huwezi kuvitenganisha hivi hivi. Lazima kwanza utoe pini za pistoni kupitia matundu madogo yaliyoachwa ubavuni mwa bloku. Asiyesoma mwongozo huishia kupiga nyundo. Shafti tuliipeleka kwa wenye mashine mjini ikasagwa milimita 0.25, tukanunua beringi za saizi hiyo. Kisha kupima. Nafasi ya oili kati ya beringi na shafti ni mia chache tu za milimita, nyembamba kuliko unywele wako. Hiyo haipimwi kwa sikio wala kwa uzoefu wa miaka ishirini. Inapimwa kwa uzi wa plastiki unaouweka juu ya shafti, unakaza kofia ya konrodi, unafungua, unasoma uzi umebonyea upana gani. Uzi huo ni bei ya chakula cha mchana.

Bolti za silinda hedi nazo zina utaratibu wake. Mwongozo unataka ukaze, ulegeze kabisa, kisha ukaze upya na kumalizia kwa kipimo cha nyuzi. Nimewahi kuona mtu akikaza kwa bomba refu "hadi ikatae." Hapo gasketi ikivuja baada ya miezi mitatu, analaumiwa Mjapani.

Sehemu zote zilioshwa mara mbili kwa mafuta ya taa na kufunikwa kwa nailoni, maana vumbi la Lanet halina siku ya mapumziko. Kipoza oili kilinunuliwa kipya. Cha zamani hakisafishiki hadi mwisho. Pampu ya oili mpya. Moyo wa turbo mpya. Mabomba ya oili ya turbo yalitolewa na kuangaliwa, kwa sababu kwenye baadhi ya injini hizi kuna wavu mdogo ndani ya bolti ya bomba, ukiziba turbo inakufa kwa kiu. Boksi la filta la kiwandani likarudi mahali pake, mluzi ukaisha. Kabla ya kuwasha, tuliizungusha kwa stata bila petroli hadi taa ya oili ikazimika. Baada ya kilomita 500 tukamwaga oili, tukaikata filta na kuikunjua. Karatasi ilikuwa safi.

Hapa ndipo kompyuta iliingia. Kuna programu huria inaitwa RomRaider, haina malipo, na kwa kebo inayofaa inasoma kompyuta ya injini ya Subaru. Ndani yake kuna namba moja ninayotaka kila mwenye Subaru ya turbo aijue, inaitwa IAM. Kwenye kompyuta za biti 32 inaanzia 0 hadi 1. Ikiwa 1, kompyuta inaiamini petroli uliyoweka. Ikishuka, imesikia petroli ikilipuka kabla ya wakati wake, na hilo ni noki ya aina nyingine, ile inayovunja pistoni. Magari haya yaliandaliwa kwa petroli ya Japani yenye okteni karibu 100, na ya pampu zetu za kawaida iko chini ya hapo. Kwa hiyo jamaa anayekuahidi "kuichipu" iongeze nguvu bila kukuonyesha namba hiyo kabla na baada, mkimbie.

Najua utetezi wa mafundi, na una haki ndani yake. Mteja anataka gari Ijumaa. Mteja analipia chuma, halipii kufikiri. Ukimwambia siku mbili ni za kufungua na kupima tu, anahamia gereji ya jirani. Kweli kabisa, na ndiyo sababu polemiki hii sikuielekeza kwa fundi peke yake. Sisi wateja ndio tumefundisha gereji kwamba haraka inalipa na ukweli haulipi. Wala sisemi kila injini ifufuliwe. Bloku likipasuka, nunua nyingine kwa amani. Lakini nunua ukiwa umeshajua.

Kwa hiyo ikikutokea, usitoe shilingi ya injini kabla ya haya:

1. Sampu ifunguliwe na filta ya oili ikatwe mbele yako. Chuma kikiwemo, kuna kitu kimesagika; jua ni kipi.
2. Shafti ya turbo itikiswe kwa mkono, mapanga yaangaliwe kwa tochi pande zote mbili.
3. Kipoza oili na mabomba ya turbo ya injini iliyokufa visihamie kwenye injini mpya. Kamwe.
4. Injini inayonunuliwa ipimwe kompresheni na ifunguliwe sampu kabla hujalipa, hata kama imeandikwa Japani ubavuni.
5. Fundi akwambie sababu ya kifo kwa sentensi moja. Akishindwa, bado hajamaliza kazi.

Hiyo ya tano ndiyo kubwa. Tunajaza magari ya mitumba kutoka Japani, tunajua kuyaendesha, tunajua hata kuyapamba. Kilichobaki ni kuyauliza yalikufa kwa nini. Swali hilo halina ushuru wa bandarini, na lingemwokolea shemeji yangu mkopo mzima. Wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata.