Nani Alisema Hawazitaki?

"Wale ni watu wa biashara, kazi ya serikali hawana haja nayo." Maneno haya nimeyasikia ndani ya matatu za Eastleigh, kwenye vibanda vya chai Kariokor, hata vinywani mwa wasomi. Anayesemwa ni Msomali wa Kenya, na ukishuka Majengo, Pumwani, Mnubi naye hutiwa kapu hilo hilo. Ni uongo, na uongo wenye faida kwa mtu: anayenyima hujitetea kwamba aliyenyimwa hakuomba.

Mimi ni mtoto wa Eastlands. Tulipomaliza kidato cha nne, nilikwenda na jirani yangu Msomali kuomba vitambulisho katika ofisi moja. Tulikuwa tumesoma dawati moja tangu darasa la kwanza. Mimi niliulizwa kwetu ni wapi, nikajibu Machakos, nikachukuliwa alama za vidole. Yeye aliambiwa alete kitambulisho cha babu yake na wazee wa kumdhamini, kisha asubiri siku ya kupigwa msasa. Changu kilitoka baada ya majuma machache. Chake kilichukua zaidi ya mwaka, na usajili wa makurutu wa polisi ukampita. Upolisi ndiyo kazi aliyoiota tangu utotoni. Leo anauza mapazia katika duka la mjomba wake, na watu husema: si mnaona, biashara iko damuni!

Kitambulisho ndicho lango la kila kitu. Bila hicho mtu mzima hapati PIN ya kodi ya KRA, cheti cha tabia njema wala mkopo wa HELB wa kusomea chuo kikuu. Anayecheleweshwa hapo huwa ameondolewa kwenye foleni kabla tangazo la kazi halijabandikwa.

Lango hili lilifungwa kwa makusudi. Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wahakikiwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, ambayo Mkenya mwingine hakutakiwa kuwa nayo. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki ya uraia ya watoto wa Kinubi, ambao mababu zao waliletwa huku kama askari wa Mwingereza. Aprili 2014, katika operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali, hasa Eastleigh, na wengine wakazuiliwa uwanjani Kasarani. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa msasa huo wa ziada. Ni jambo jema. Lakini aliyezuiwa akiwa na miaka 18, leo ana 40, haandikishwi ukurutu tena.

Kuna watakaonitajia wakubwa wa Kisomali: mbona Aden Duale ni waziri? Nami nitawakumbusha Jenerali Mahmoud Mohamed, aliyekuwa mkuu wa majeshi yetu kuanzia 1986 hadi 1996. Kadi ya waridi ilitolewa yeye akiwa kwenye kiti hicho. Mkubwa mmoja aliye juu hakumkinga kijana wa Eastleigh dirishani kwa karani.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Makabila matatu yakigawana nafasi zote sawasawa, kikomo hicho hakijavukwa! Mkubwa amewekewa dari, mdogo hakuwekewa sakafu. Ilhali Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali iwape walio wachache fursa maalumu za kupata ajira.

Basi ninadai hili: kila taasisi ya umma itangaze kila mwaka, jamii kwa jamii, wangapi waliomba kazi, wangapi waliitwa kwenye mahojiano, wangapi waliajiriwa. Hapo tutajua nani hataki na nani hatakiwi.

Katika ile hadithi, sungura alizirukia ndizi, akashindwa kuzifikia, ndipo akasema hazitaki, ni mbichi. Jirani yangu hakupewa hata nafasi ya kuruka. Tumemfungia nje ya shamba, kisha tukamsingizia maneno ya sungura.