Kuuza ramani yetu si wizi, kuifunga ndiyo wizi

Bandugu, wenzetu wengine wanakasirika wakisikia kampuni inaweza kuuza ramani ya OpenStreetMap, yenye barabara za Masisi na Walikale zilizochorwa na watu wa kujitolea. Hasira tunaielewa. Lakini tangu 2012 leseni yake, ODbL, inaruhusu kuuza, sawa na GPL ya programu ya QGIS. Inachokataza ni kuficha ilikotoka, ama kuiongezea data, kuisambaza na kuifungia wengine. Tukiomba biashara ikatazwe, kijana wa Masisi anayechapisha ramani na kutafuta makuta yake naye atazuiwa. Juu ya hiyo, tudai tu OpenStreetMap itajwe na nyongeza zibaki wazi, hata za wanunuzi wa coltan ya Rubaya.