Daktari akigombea uongozi, kisu anamwachia nani?

MWEZI uliopita nilivuka mpaka pale Mugina nikaingia Manyovu, kisha nikapanda gari kwenda kumsalimia rafiki yangu wa utotoni. Tulizaliwa wote katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, tukakalia dawati moja shule ya msingi na tukachapwa fimbo na mwalimu mmoja. Mwaka 2008 mimi nilirudi Burundi pamoja na wazazi wangu. Yeye alibaki, akapata uraia wa Tanzania kama walivyoupata wengi wa wale waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, akasomea udaktari, hatimaye akawa daktari bingwa wa upasuaji. Katika hospitali anayofanyia kazi, upande ule wa mpaka, hakuna mwingine wa fani yake.

Alinipokea kwa chai na habari mpya. "Mwalimu," akaniambia, "nimechukua fomu. Nagombea uongozi wa chama chetu cha madaktari wa upasuaji."

Nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na jambo lingine.

Mwaka 2023 shemeji yangu, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese kutoka Rumonge, alikuwa upande wa Kigoma akifuata madeni yake. Alikuwa na ngiri aliyoivumilia kwa miaka mingi. Usiku mmoja ngiri ile ikajisokota. Wenzake wakambeba kwa pikipiki hadi hospitalini akiwa hajiwezi. Rafiki yangu aliitwa kutoka nyumbani, akampasua usiku huohuo. Asubuhi alinipigia simu akasema kipande cha utumbo kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, na kwamba wangechelewa hadi mchana tungekuwa tunazungumza mengine. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kuwa wiki moja kabla ya usiku ule alikuwa Dodoma kwenye kikao cha siku nne.

Shemeji yangu anaishi kwa sababu ya tofauti ya wiki moja. Ndiyo maana habari ya fomu ilinifurahisha na kunitisha kwa wakati mmoja.

Ndugu msomaji, unaweza kusema uchaguzi wa madaktari wa nchi jirani unatuhusu nini sisi warejeaji na wachuuzi wa mpakani. Mimi nasema unatuhusu sana, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane juu ya vyombo vyenyewe, maana watu wengi huvichanganya. Kuna baraza la madaktari, ambalo ni chombo cha kisheria. Hilo ndilo linalotoa leseni na ndilo linaloweza kuifuta. Kuna chama cha wafanyakazi, kinachodai mishahara na posho, na kikishindwa kuelewana na mwajiri huitisha mgomo. Halafu kuna chama cha kitaaluma. Hiki hakitoi leseni wala mshahara. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kazi, kuwaendeleza vijana, na kuishauri serikali kuhusu mahali panapohitaji wataalamu na vifaa. Kiongozi wake hana askari wala hazina. Alicho nacho ni sauti, na mlango wa waziri unaofunguka akibisha hodi.

Kwa upande wa upasuaji, sauti hiyo inavuka mipaka. Chama cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1950, wakati ambapo wengi wa madaktari hao walikuwa wageni kutoka Ulaya. Mwaka 1999 kikazaliwa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi kama COSECSA, chenye makao yake makuu Arusha. Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania zote zimo, pamoja na nchi nyingine nyingi kuelekea kusini. Wenyewe hukiita chuo kisicho na kuta, kwa kuwa mwanafunzi haendi kukaa Arusha. Anabaki katika hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, anafundishwa na daktari bingwa aliyepo pale huku akihudumia wagonjwa, kisha anafanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine zote.

Sisi warejeaji tunaijua thamani ya jambo hilo. Niliporudi na cheti changu cha ualimu kutoka Tanzania, nilizungushwa ofisi hii na ile kwa karibu miaka miwili, nikiulizwa kwa nini karatasi yangu haifanani na za wengine. Wapo tuliorudi nao ambao waliweka vyeti vyao sandukuni na kuanza kuuza dagaa. Wafanyabiashara nao wanajua maana ya karatasi inayokubalika upande mmoja na kukataliwa upande wa pili. Madaktari wa upasuaji wamejenga cheti kinachofahamika pande zote mbili za mpaka, na walianza kukijenga kabla Burundi haijaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kwa hiyo anayeshika uongozi katika vyama hivi anashika jambo letu pia.

Sasa tutazame hali ilivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihesabu madaktari bingwa wa upasuaji katika nchi kumi za ukanda huu. Walipatikana 1,690 tu, yaani daktari mmoja kwa watu wapatao 190,000. Zaidi ya hapo, asilimia 64 kati yao walikuwa wakifanya kazi katika jiji kuu la biashara la nchi yao. Wanawake walikuwa asilimia 9. Mwaka mmoja kabla, tume ya kimataifa ya jarida la Lancet ilikuwa imesema kwamba watu bilioni tano duniani hawapati upasuaji salama kwa gharama wanayoimudu, na ikapendekeza kila mtu aweze kufika penye upasuaji wa lazima ndani ya muda wa saa mbili. Wewe uliye Nyanza-Lac au Mabanda, piga hesabu mwenyewe: barabara, mvua, na mpaka unaofungwa usiku.

Watu hupenda kusema kwamba madaktari wetu wote wamekimbilia Ulaya. Kwa upande wa upasuaji si kweli. Utafiti mwingine uliowafuatilia waliohitimu kati ya 1974 na 2013 ulionyesha kuwa asilimia 85 walibaki katika nchi waliyosomea, na zaidi ya asilimia 90 walibaki Afrika. Wapo, ila ni wachache tangu mwanzo, na wengi wao wako mjini. Hapo ndipo rafiki yangu anapopata hoja yake ya kugombea.

"Viongozi wetu karibu wote ni wa jijini," aliniambia. "Si watu wabaya, ni walimu wangu. Lakini wakizungumzia upungufu wanazungumzia mashine mpya. Mimi upungufu wangu ni mtu wa kutoa usingizi. Akiugua yeye, hata mimi sifanyi kazi. Nimeandika barua mara tatu. Nikiwa kiongozi sitaandika barua, nitaingia mwenyewe."

Hoja ina uzito. Lakini uongozi wa madaktari katika ukanda wetu una mitego, na historia ya karibu inaionyesha.

Mtego wa kwanza ni kupambana bila kinga. Mwaka 2012, wakati wa mgomo wa madaktari Tanzania, kiongozi wa Jumuiya ya Madaktari, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa usiku mwishoni mwa Juni, akapigwa na kuumizwa vibaya, akaokotwa katika msitu wa Mabwepande nje ya Dar es Salaam. Nchini Kenya mgomo ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na Februari 2017 viongozi saba wa chama cha madaktari walipelekwa gerezani. Madai yao mengi yalikuwa ya haki. Hata hivyo, katika siku hizo 100 mwenye pesa alikwenda hospitali binafsi, na asiye nazo alibaki na ugonjwa wake nyumbani.

Mtego wa pili ni kupiga magoti. Desemba 2022 rais wa Chama cha Madaktari Uganda aliongoza wenzake kumpigia magoti Rais Museveni wakimwomba agombee tena mwaka 2026. Wanachama walikasirika, na chama kikamsimamisha. Kiongozi wa wataalamu akishaonekana ni mpiga debe, siku atakaposema hospitali haina uzi wa kushonea nani atamsikiliza? Wapinzani watasema ni mtu wa serikali, na serikali itaona amesahau fadhila.

Mtego wa tatu ni ngazi. Wapo wanaoona chama kama ngazi ya kupandia kwenda kwingine. Mmoja wa wale waliofungwa Kenya mwaka 2017, Dk. Ouma Oluga, aliteuliwa mwaka 2025 kuwa Katibu katika Wizara ya Afya, wizara ileile aliyokuwa akivutana nayo. Simlaumu. Pengine aliyejua njaa ya wodini ndiye anayefaa kukaa ofisini. Lakini wanachama wana haki ya kumwuliza kila mgombea mapema kama anakitaka kiti hiki au anapita njia tu.

Hapa jirani, Bukavu, tunaye mfano wa aina nyingine. Dk. Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi amewapasua na kuwatibu maelfu ya wanawake waliobakwa vitani, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka 2023 aligombea urais wa Kongo. Dunia nzima ilimjua, lakini katika uchaguzi wa Desemba hakufikisha hata asilimia moja ya kura. Ninalojifunza hapo si kwamba daktari asigombee. Ninajifunza kwamba heshima ya chumba cha upasuaji haigeuki yenyewe kuwa nguvu ya uongozi. Uongozi nao ni fani. Una hesabu zake na subira yake, na unataka watu wa kufanya nao kazi.

Je, rafiki yangu agombee? Niliporudi Mugina nilimwuliza mama mmoja muuza dagaa anayemfahamu daktari huyo, kwani alimpasua mwanawe kidole tumbo. Hakufikiri hata kidogo. "Mwalimu, akienda huko kwenye mikutano, sisi nani atatupasua?"

Swali lake ni zito kuliko takwimu zote nilizotaja, lakini jibu lake si "asiende". Daktari akibaki peke yake miaka ishirini bila sauti, siku akistaafu au akiugua hospitali itabaki na chumba kitupu na taa kubwa. Kumzuia ili tumfaidi sisi wa leo ni sawa na kula mbegu. Nasema agombee, ila kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza, kabla hajaanza kusafiri, apiganie hospitali yake ikaguliwe na kukubaliwa kuwa mahali pa kufundishia madaktari wa upasuaji. Mfumo wa chuo kisicho na kuta unaruhusu hilo, mradi hospitali itimize vigezo na awepo mwalimu. Hospitali ikikubaliwa, vijana wataletwa. Kijana wa mwaka wa kwanza hawezi kuachiwa kisu, lakini baada ya miaka michache mwalimu anaweza kusafiri siku nne na ngiri iliyojisokota ikapata mtu. Na hadi siku hiyo, kila safari iwe na mbadala aliyeazimwa kutoka hospitali nyingine, kwa maandishi.

Sharti la pili, aingie kwa muda unaojulikana, kisha arudi wodini. Kiongozi wa madaktari wa upasuaji ambaye hajashika kisu kwa miaka kumi atakuwa anasimulia hospitali ya zamani.

Sharti la tatu, atoe hesabu kwa wagonjwa, si kwa wanachama peke yao. Kura ni yao. Sisi hatuna kura, lakini tuna matumbo. Kila mwaka aseme hadharani ni hospitali ngapi za nje ya miji mikubwa zimepata daktari wa upasuaji, na ngapi zimepata mtu wa kutoa usingizi. Namba hizo zikiwa hazipandi, asituambie habari za mikutano.

Na sisi wa upande huu tuna wajibu wetu. Tunavuka mpaka tukiwa wagonjwa, tunatibiwa, tunarudi, na hatumwulizi mtu kwa nini hospitali zetu za mpakani hazina huduma kama ile. Burundi ni mwanachama wa chuo kilekile. Tunao vijana waliosoma Tanzania, wanaojua Kiswahili na Kifaransa, ambao wangeweza kuingia katika mafunzo hayo na kufanya kazi Makamba au Rumonge. Wakubwa wetu wanaohusika na afya wangeanzia hapo, badala ya kumwegemea daktari mmoja wa jirani hadi mgongo wake uvunjike.

Nilimsomea rafiki yangu masharti haya kwa simu juzi. Alicheka, kisha akakaa kimya kidogo. "Mwalimu, hilo la kwanza ndilo gumu," akasema.

Najua ni gumu. Ndiyo maana nimeliweka la kwanza. Fomu umekwisha kuichukua, ndugu yangu. Kabla hujairudisha, ijaze sehemu moja ambayo hawakuichapa: jina la atakayeshika kisu siku utakapokuwa safarini.