Sauti ya Jeshi Isining'inie kwenye Kamba Moja

Katika mkutano wa tawi letu hapa Mikocheni, kijana mmoja aliinuka akauliza swali ambalo wengi walilicheka. Sisi hatukulicheka. Aliuliza: "Jeshi lataka simu zake za upepo za nini, na fedha zote hizo, hali kila askari ana simu ya mkononi mfukoni?" Wazee waliguna, mwenyekiti akaomba utulivu, tukaendelea na ajenda ya ada. Lakini swali lile halikujibiwa, nasi twaona yafaa lijibiwe hapa gazetini, kwani si la kijana yule peke yake.

Ndugu wananchi, na turudi nyuma kidogo, tena si mbali na hapa. Mtu akitoka Mikocheni kwa miguu, akashika barabara ya Bagamoyo na kuipita Mwenge, hachoki kabla ya kufika kambi ya Lugalo. Mwaka 1964 kambi hiyo iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako askari wa King's African Rifles walipigana na Wataliana mwaka 1941. (Jina la Lugalo, mahali Wahehe wa Mkwawa walipowashinda Wajerumani mwaka 1891, lilikuja baadaye, na ndilo jina litupasalo.) Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi hiyo. Waliwafungia maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini, wakashika kituo cha redio na uwanja wa ndege. Mwalimu Nyerere na Bwana Kawawa wakafichwa, Bwana Kambona akabaki kuzungumza na waasi. Siku ile nzima wananchi hawakujua Rais wao yu wapi. Sauti yake ilisikika redioni siku ya pili, na siku hiyo hiyo kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Jumamosi tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur, wakawanyang'anya waasi silaha.

Chanzo cha maasi kilikuwa mishahara na vyeo, si mitambo ya simu. Twasema hivyo mtu asije akadhani twageuza historia. Lakini tazameni hali ya Serikali katika siku zile tano. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na Bunge, ilikuwa na watu nyuma yake, wala haikuwa na jeshi la kuliamini wala njia yake yenyewe ya kulifikishia amri. Ikabidi kuwaita wale wale tuliowaaga Desemba 1961. Mwalimu hakuficha aibu ile. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo Jeshi la Wananchi likazaliwa.

Jeshi hilo lilionyesha thamani ya amri inayofika kwa wakati. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979, huko Lukaya katika njia ya Kampala, Brigedi yetu ya 201 ilishtushwa na makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin, na wengi wa askari wake wakatawanyika. Brigedi ya 208 ilikuwa mbali, vikosi vyake vya mbele vikiwa kilomita kama 60 kaskazini-magharibi. Ikapata amri ya kugeuka. Ikatembea usiku kucha, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 11 ikawa imekwisha kushika njia ya Kampala nyuma ya adui. Kulipokucha Walibya na watu wa Amin wakajikuta wamebanwa pande mbili. Je, amri ile ingalipotea njiani, au ingalisikiwa na adui, ni akina mama wangapi zaidi nchini wangalivaa kaniki?

Sasa tumjibu kijana wetu. Simu ya mkononi si ya yule aliyeishika. Sauti yake hukimbilia mnara, na mnara una mwenyewe. Mnara hutaka umeme, na maneno mengi yanayopita humo hutoka nje ya nchi kwa mikongo iliyolala chini ya bahari. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika baharini huko kusini, na intaneti ya Tanzania nzima ikazorota. Siku ile hapakuwa na vita. Tulikasirika, tukangoja, tukatengenezewa. Jeshi lililo vitani halina nafasi ya kungoja fundi. Tena simu iwakapo hujitangaza. Mwenye vyombo vya kunusa mawimbi hujua ilipo, hata kama hasikii inayosema.

Ndiyo maana majeshi ya leo hutafuta simu za upepo za namna nyingine. Ziko zinazorukaruka kutoka wimbi hadi wimbi mara nyingi kwa sekunde moja, kwa mpango unaojulikana na wenzao tu, hata mtu wa kuvuruga hajui apige kelele wapi. Ziko zinazopokezana ujumbe kama watu wapokezanavyo ndoo za maji penye moto: mmoja akianguka, ndoo hupita kwa jirani yake. Nayo mawimbi mafupi, ambayo wengi huyadhani ya kizamani, hudunda angani yakarudi chini mamia ya kilomita mbele, bila mnara wala satelaiti. Sisi twasema yasitupwe. Tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, mtandao wa satelaiti uitwao KA-SAT ulihujumiwa, na maelfu ya vyombo vyake vikafa kwa pamoja, hata mitambo ya umeme wa upepo huko Ujerumani ikapoteza mawasiliano. Waliokuwa na njia ya pili waliendelea kusema.

Lakini hapa ndipo penye neno letu kubwa. Chombo kizuri kilichonunuliwa kwa mgeni, na ufunguo wa mafumbo yake ukabaki kwa mgeni, ni Colito mpya. Septemba 2024 huko Lebanon vyombo vya kupokea ujumbe vya watu wa Hezbollah vililipuka mikononi na viunoni mwao, kwa maelfu, kwa kuwa adui yao alikwisha kuvitia baruti kabla havijawafikia. Mtu awapende watu hao au asiwapende, jambo lenyewe lamhusu kila anunuaye kitu kwenye sanduku lililofungwa. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi na Chuo Kikuu wafundishwe kufungua masanduku hayo, kuyachungulia, kuandika mafumbo yetu wenyewe. Hatudai kila skrubu itengenezwe nchini kesho. Ufunguo ndio tunaoudai.

Wako watakaosema shule hazina madawati. Ni kweli, na sisi tuliosomea ualimu twalijua hilo kuliko wengi. Basi fedha ziende kwanza panapouma, wala zisianzie kwenye ofisi za wakubwa. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa na magaidi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Na tarehe 7 Desemba 2017 huko Semuliki, Kongo ya mashariki, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa wakilinda amani, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ukaeleza kuwa ujumbe ule haukuwa na mpango wa kufaa wa kuwapelekea nyongeza waliovamiwa. Askari wa Ruvuma, na yule tunayemtuma nchi ya watu, ndio wapate chombo bora kabla ya mtu yeyote. Nao wafanyishwe mazoezi siku kadhaa bila chombo chochote, kwa tarishi na bendera na mguu.

Makadirio ya Wizara ya Ulinzi husomwa Dodoma kila mwaka. Tawi letu limekubaliana kumwandikia Mbunge wetu kabla hayajasomwa, na kijana yule aliyeuliza ndiye tuliyempa kalamu. Hatutaki siri za jeshi zitajwe Bungeni. Twataka aulize mambo mawili tu: ufunguo uko mkononi mwa nani, na mnara ukianguka amri itapita wapi?