Bastola kiunoni haitamwokoa mkulima wa Rufiji

Mpunga unapoanza kuinamisha masuke katika bonde la mto Rufiji, mkulima huhama nyumba. Hubeba mkeka, chandarua, sufuria na panga, akavuka mto na kwenda kuishi shambani hadi mavuno yatakapokwisha. Asipolala huko, nguruwe pori watavuna kabla yake. Na palipo na nguruwe pori, simba naye hayuko mbali.

Katika mazingira hayo si ajabu kusikia wenye uwezo kidogo wakisema kwamba dawa ni bastola. Hoja yao ni nyepesi kuelezea: mkuki unahitaji mikono miwili, gobore huchukua muda mrefu kushindiliwa, lakini bastola hukaa kiunoni, na mtu anaweza kuwa nayo anapowasaka nguruwe au anapolinda shamba usiku. Anayewalaumu kwa wazo hilo hajawahi kulala kwenye dungu akisikia mngurumo upande wa pili wa mpunga.

Hata hivyo, silaha ni matumizi ya fedha kama yalivyo matumizi ya mbolea au jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kabla ya kununua, mkulima hana budi kujiuliza maswali matatu. Je, hatari iko wapi hasa? Je, kifaa hiki kinaizuia hatari hiyo? Na je, fedha hiyo hiyo isingeokoa maisha zaidi kama ingetumika mahali pengine?

Hatari iko wapi

Utafiti wa wataalamu wa wanyamapori uliochapishwa mwaka 2005, ukiongozwa na Profesa Craig Packer kwa kushirikiana na watafiti wa Kitanzania, ulionyesha kuwa kuanzia mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Sehemu kubwa ya mashambulizi hayo ilikuwa kusini-mashariki, katika wilaya kama Rufiji na Lindi. Rufiji peke yake iliwahi kushuhudia simba aliyepachikwa jina la Osama ambaye, kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004 alipouawa, alihusishwa na vifo vya watu wasiopungua 35. Alipochunguzwa alikutwa na gego bovu lililotunga usaha.

Jambo la msingi kwa mkulima katika utafiti ule ni mahali na wakati. Mashambulizi yaliongezeka msimu wa mavuno, hasa Machi hadi Mei, na yalihusiana kwa karibu na maeneo ambayo wanyama wa porini waliobaki kwa wingi ni nguruwe pori. Mlolongo wenyewe ni huu: mazao yanamvuta nguruwe, nguruwe anamvuta simba, na mkulima aliyekwenda kumfukuza nguruwe anajikuta katikati yao.

Wengi waliouawa hawakuwa wawindaji. Walikuwamo waliolala kwenye vibanda vya nyasi wakilinda mazao, waliotoka usiku kujisaidia, waliokuwa njiani kwa miguu na watoto waliokuwa karibu na nyumba. Bastola iliyo kiunoni mwa baba aliyekwenda kusaka nguruwe haimsaidii mama aliyebaki dunguni na watoto.

Kwa nini mkulima analala shambani? Hapa historia ina mchango wake. Katika Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969, baada ya mafuriko makubwa, wakazi wa bondeni walihamishiwa vijiji vya sehemu za juu. Watu walihama lakini udongo wenye rutuba ulibaki bondeni. Tangu hapo kaya nyingi zimekuwa na makazi mawili, kijijini na shambani, na makazi ya shambani ndiyo dhaifu zaidi.

Aidha, wakazi wengi wa ukanda huo ni Waislamu, hivyo nyama ya nguruwe haina mlaji wala soko kijijini. Mnyama asiyeliwa wala kuuzwa hawindwi kwa bidii, kwa kuwa jasho la kumwinda halirudi. Kwa hiyo nguruwe anaongezeka bila gharama, na gharama yote inabaki kwa mwenye shamba.

Bastola inaweza nini

Risasi ya bastola ya kawaida ya milimita 9 hutoka na nguvu ya takriban jouli 500. Risasi ya bunduki ya .375, ambayo hutumiwa sana na wawindaji bingwa kwa wanyama wakubwa, hutoka na zaidi ya jouli 5,000, yaani mara kumi. Simba dume anaweza kuwa na uzito wa kilo 200 na kukimbia kwa kasi inayofikia kilomita 80 kwa saa. Kwa kasi hiyo mita 30 humalizika kwa chini ya sekunde mbili. Gizani, mkono mmoja ukiwa umeshika kurunzi, muda huo hautoshi kuchomoa silaha, kulenga na kufyatua.

Watetezi wa bastola wanaweza kujibu kwamba huko Marekani watu huibeba wakienda kuwinda na humaliza hatari. Ni kweli kwamba jambo hilo limechunguzwa. Mwaka 2012 Tom Smith wa Chuo Kikuu cha Brigham Young na wenzake walichapisha uchambuzi wa matukio 269 ya watu wenye silaha kukutana na dubu katika jimbo la Alaska, kuanzia mwaka 1883 hadi 2009. Bastola zilifanikiwa kumzuia dubu katika asilimia 84 ya matukio ambayo zilitumika, na bunduki ndefu asilimia 76.

Takwimu hizo zikiishia hapo, bastola inashinda. Lakini watafiti hao hao walipowalinganisha waliotumia silaha zao na wale waliokuwa nazo wasizitumie, hawakuona tofauti katika kiwango cha watu kujeruhiwa au kuuawa. Pale silaha iliposhindwa, sababu kubwa ilikuwa kukosa muda. Nyingine zilikuwa silaha kukwama, mtu kukosa shabaha, kuishiwa risasi au kusahau kufungua kitufe cha usalama. Hao ni watu ambao wengi wao walikuwa macho. Mkulima wa Rufiji mara nyingi huvamiwa akiwa usingizini.

Lipo pia suala la simba kujeruhiwa bila kufa. Simba mwenye risasi ndogo mwilini hukimbilia kichakani, na kesho yake hawezi tena kumkamata nguruwe mwenye mbio. Anayebaki kuwa windo rahisi ni binadamu. Mwenye bastola atakuwa ameokoka jioni moja na kuacha deni litakalolipwa na kijiji kizima.

Gharama zisizoandikwa kwenye risiti

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na silaha isiyotunzwa vizuri humwingiza mmiliki hatiani. Dungu la miti na makuti halina kabati la chuma. Kuna maji, unyevu na watoto, na mwenye nyumba anakuwa amelala hoi kwa uchovu wa kutwa.

Vilevile, hakuna haja ya kuwakumbusha wakazi wa Kibiti, Mkuranga na Rufiji kilichotokea mwaka 2017, wakati viongozi wa vijiji na askari polisi walipouawa kwa risasi. Kijiji kilichopitia msiba huo kina sababu ya kuogopa kila silaha ya ziada inayoweza kuibwa. Simba akiondoka, bastola inabaki.

Kisheria mkulima hajafungwa mikono. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua haki ya kumuua mnyama katika kutetea uhai au mali. Anachotakiwa ni kutoa taarifa mapema kwa mamlaka, na nyara inakuwa mali ya Serikali. Lakini kutetea uhai si leseni ya kuwinda. Anayeingia porini na silaha kwa kisingizio cha kujilinda anaweza kuishia mahakamani kama jangili.

Hesabu ya ushirika

Iko njia nyingine, ambayo faida yake huonekana hata kwa mwenye elimu ya hesabu za sokoni. Mtaro wenye kingo zilizosimama wima humzuia nguruwe pori kuingia shambani. Tatizo ni kazi ya kuuchimba. Shamba la ekari moja lenye umbo la mraba lina mzunguko wa mita zipatazo 254. Wakulima kumi, kila mmoja akizungushia ekari yake, watachimba zaidi ya mita 2,500. Wakiyaweka mashamba yao pamoja kuwa eneo moja la mraba la ekari kumi, mzunguko wote ni takriban mita 800. Kila mmoja atachimba mita 80 badala ya 254, chini ya theluthi moja ya kazi.

Ulinzi nao ni hivyo hivyo. Kaya kumi zikilinda kila moja peke yake kwa usiku 60, kwa mtu mmoja mmoja, zimetumia zamu 600. Zikilinda pamoja kwa watu wanne kila usiku, zinatumia zamu 240. Kila kaya inatoa zamu 24 badala ya 60, na walinzi wanne walio macho, wenye moto, kurunzi na mbwa, wana usalama kuliko mtu mmoja aliyesinzia. Wanaobaki wanalala, na kesho wana nguvu za kuvuna.

Mtaro haufai kila mahali. Penye mafuriko hujaa maji na kubomoka, na hapo uzio wa miti na miiba ndio unaofaa. Dungu nalo lijengwe juu, kwa nguzo imara, lenye sakafu na kuta za fito zilizofungwa barabara na ngazi inayopandishwa usiku. Kuta za nyasi huzuia upepo, hazimzuii simba. Choo kiwe karibu na safari za usiku ziwe za watu zaidi ya mmoja. Haya yote hayahitaji leseni ya polisi.

Msako wa nguruwe nao usiachwe, ila ufanywe na kundi, mchana, kwa taarifa ya ofisa wanyamapori, na ikiwezekana pawepo askari wanyamapori mwenye bunduki inayostahili na mafunzo ya kuitumia. Silaha moja kubwa katika mikono iliyofunzwa ina thamani kuliko bastola kumi katika mikono inayotetemeka.

Wajibu wa Serikali

Haitakuwa haki kumtwisha mkulima mzigo wote. Simba ni mali ya taifa. Anaingiza fedha za kigeni kupitia utalii, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous lililopakana na Rufiji ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Faida ya simba inagawanywa kwa taifa zima wakati hasara yake inaangukia dungu moja.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na shilingi 500,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Jina lenyewe linakiri kwamba hiyo si fidia. Shilingi ya kuzuia kifo ina thamani kubwa kuliko shilingi ya kufuta machozi, kwa kuwa ya kwanza inamwacha mzazi hai na shamba likiwa na mtu wa kulilima.

Kwa hiyo halmashauri za ukanda huu ziweke katika bajeti zao, kabla ya Machi, fungu la ulinzi wa mavuno: mafuta ya gari la askari wanyamapori, posho za walinzi wa vijiji wakati wa msimu, na mikopo midogo ya misumari, waya na kurunzi kwa vikundi vitakavyounganisha mashamba. Wafanyabiashara wanaonunua mpunga na ufuta wa Rufiji nao wana maslahi hapa, kwani gunia lililoliwa na nguruwe halifiki sokoni. Wakikopesha vifaa na kurudishiwa wakati wa mavuno, hawatakuwa wametoa sadaka.

Umoja ni nguvu, walisema wahenga. Mkulima mwenye akiba ya kununua bastola asiitupe akiba hiyo. Awaite majirani tisa, wapime mzunguko wa mashamba yao, kisha waanze kuchimba kabla mpunga haujatoa masuke.