Msiba wa Mzazi na Mambo Yanayosadifiana



Ndugu zetu, misibani tunasema mengi bila kuyapima. Mvua ikinyesha wakati wa kuzika, huambiwa marehemu kasamehewa. Ndege akitua dirishani, kaja na salamu.

Nasi yalitufika. Baba yetu alifariki akiwa na deni la faranga 60,000 kwa muuza mbao. Jioni tuliyokaa kulizungumzia, simu yake ikalia. Mzee mmoja, hana habari ya msiba, anauliza azilete wapi faranga 60,000 alizokopeshwa na baba. Tulilia sote. Shangazi akasema: "Hiyo ni dalili, baba yenu yuko Peponi." Hatukumjibu, msiba si mahali pa mabishano, lakini tunaona neno hilo ni zito mno.

Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (s.a.w.), na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Hebu fikirini: baba mwenye huzuni, na mji mzima unampa faraja kubwa kama hiyo! Akaikataa. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu, na akawaamrisha kuswali.

Wala hatusemi ile simu ilikuwa bahati tu. Jani halidondoki ila Mola analijua, sembuse deni la mja wake. Ni neema, tumeshukuru, na muuza mbao amelipwa siku ya pili yake. Ila hali ya baba kaburini ni katika ghaibu, na simu haituambii lolote juu yake. Sisi tunamwombea.

Kuna kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.) ambacho vijana wetu wangekisoma. Njiani kwenda Makka alikutana na bedui, akampa punda aliyempanda na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake wakashangaa, mabedui huridhika na kidogo. Akawaeleza kwamba baba wa mtu yule alikuwa kipenzi cha Umar, na kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa katika wema mkubwa kabisa ni mtoto kuwaunga wapenzi wa baba yake. Hakutafuta maana ya kukutana kule. Alishuka kwenye punda.

Basi nasi tumeichukua simu ya baba, tunapiga namba moja moja. Wako waliokuwa hawajajua, wako wanaodai, wako wanaotaka tu kumsimulia. Tumefika herufi ya M.