Balbu Siyo Bando: Chai ya "Msitu Ndani ya Siku Saba" Inaua Samaki wa Watu

Mjini sasa hivi kila kona kuna tangi la samaki. Saluni lipo, duka la simu lipo, na kwenye geto la kijana aliyeanza maisha juzi nalo lipo, limebanwa kati ya spika na taa za rangi. Hakuna ubaya hapo. Kuangalia samaki jioni baada ya foleni ni burudani nafuu, tena haina kelele. Ubaya umeanza pale mastaa wa mitandaoni waliposhtukia kwamba tangi lenye majani ya kijani linapendeza kwenye klipu kuliko tangi lenye mawe matupu, wakaanza kuuza balbu.

Balbu inayosemwa hapa siyo ya taa. Ni vile vidude vya kahawia, vigumu, vinavyofanana na punje ya kitunguu swaumu iliyokauka, vinauzwa kwenye pakiti ya nailoni. Ukivitia kwenye maji vinaota majani. Hilo ni kweli kabisa, na hapo ndipo utapeli unapopatia mlango, maana uongo mzuri hujengwa juu ya ukweli kidogo.

Yuko dada mmoja mwenye wafuasi kibao. Kwenye klipu yake anadondosha balbu tatu, anapiga makofi, picha inaruka, halafu yanatokea maandishi: "Siku ya 7". Tangi zima limegeuka msitu. Chini yake: "Bei inboksi, mzigo mdogo, wahi." Jina lake libaki pembeni, maana siyo wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Yuko na kaka mmoja, mchekeshaji, naye ana klipu ileile kwa muziki mwingine. Ila mwenye macho ataona kitu: samaki wa siku ya kwanza wana ukubwa wa kucha, wa siku ya saba wana ukubwa wa kidole gumba. Labda balbu hizo zinakuza na samaki!

Hiyo ni chai, tena ya maziwa.

Ukweli wa balbu ni huu. Nyingi zinazouzwa madukani ni za aina mbili: Aponogeton na yungiyungi. Aponogeton kitaalamu siyo kitunguu, ni kiazi, ndugu wa karibu wa wazo la gimbi kuliko wa kitunguu. Ndani yake kuna chakula ambacho mmea ulijiwekea ili uvuke kiangazi pale dimbwi linapokauka. Kiazi kikikutana na maji ya uvuguvugu, kinaamka. Kwa kawaida chipukizi la kwanza linaonekana kati ya wiki 1 na wiki 3. Majani ya kujaza jicho yanataka mwezi na zaidi. Siku saba? Siku saba mara nyingi kiazi bado kinafikiria.

Maji yawe nyuzi joto kati ya 22 na 28 hivi. Mtu wa Dar au Tanga hana shida, hali ya hewa inamfanyia kazi bure. Lakini mtu wa Mbeya au Njombe mwezi wa saba, bila hita, kiazi chake kitakaa kimya kama mdaiwa. Je, kwenye zile klipu kuna mtu aliyewahi kutamka neno "hita"? Hakuna. Akitamka, mteja wa Mbeya atahesabu gharama, biashara itapoa.

Halafu kuna suala la kupanda. Watu wanafukia balbu kwenye mchanga kama wanavyofukia viazi shambani, kwa sababu hakuna aliyewaambia vinginevyo. Ikifukiwa yote inaoza kirahisi. Inatakiwa isuuzwe, iwekwe juu ya mchanga au ididimizwe kidogo tu, ile sehemu yenye vichipukizi ikiangalia juu. Kama hazionekani, ilazwe ubavu, yenyewe itajua juu ni wapi. Ikielea siku moja mbili za mwanzo hakuna noma, bado inanywa maji. Ikiota utando mweupe lakini ni ngumu, inafutwa taratibu kwa kidole na kurudishwa. Ikiwa laini kama parachichi lililopitiliza na inanuka, hiyo imeshakufa na inatakiwa itoke kwenye maji siku hiyohiyo.

Siku hiyohiyo, siyo "tuipe wiki". Hapa ndipo stori inapoacha kuwa ya kuchekesha. Kiazi kinachooza ndani ya maji kinatoa amonia, na amonia inaunguza matamvua ya samaki. Kwenye bwawa kubwa sumu hiyo inapotea. Kwenye tangi la lita 20 pembeni ya spika, lililojazwa maji juzi, ambamo bado hakuna wale bakteria wa kuivunja amonia, samaki wanaanza kupanda juu kuhema kama abiria wa daladala ya saa kumi na moja jioni. Asubuhi wanaelea. Mtu kanunua pambo, kalipia msiba.

Akirudi inboksi kulalamika, anajibiwa nini? "Mkono wako mzito." "Maji yako mabaya." Akiuliza mara ya pili anapigwa bloku. Na kwa sababu ya aibu ya kuonekana kapigwa, wengi wananyamaza. Staa anabaki na hela, mteja anabaki akiamini yeye ndiye mwenye kisirani na mimea. Hicho ndicho kinachouma kuliko hela yenyewe: mtu aliyetaka kujifunza kufuga kitu hai anafundishwa kwamba hawezi.

Na hao wa balbu afadhali, maana balbu nzima ikipata maji mazuri inaota kweli. Kuna kundi linalouza "mbegu za kapeti", eti unanyunyiza chini ya tangi na kupata zulia la nyasi. Mimea halisi ya kutambaa ndani ya tangi kwa kawaida huuzwa ikiwa mimea, siyo mbegu. Hizo mbegu mara nyingi ni za mimea ya nchi kavu. Zinachipua fasta, zinapendeza wiki kadhaa za kutosha kupigwa picha, kisha zinanyong'onyea na kuoza zote kwa mpigo. Yaani ni ile amonia ya kiazi kimoja, mara mia.

Wapo watakaosema: "Waacheni watafute riziki, mjini kila mtu anahangaika." Sawa. Lakini mama anayeuza magimbi sokoni naye anahangaika, na akikuuzia gimbi lililooza kesho unarudi kwenye meza yake na anakubadilishia, kwa sababu anajua utapita tena. Mtu mwenye maelfu ya wafuasi ana jina kubwa kuliko la mama yule. Inakuwaje uwajibikaji wake uwe mdogo? Riziki ya kuficha hita, kuficha wiki tatu na kuficha kwamba klipu ilikatwa ina jina lake, nalo linajulikana.

Wengine watasema mteja naye alaumiwe, kwa nini asigugo? Hoja hiyo ina uzito kiasi. Mnunuzi anayetaka msitu kabla ya wikendi kwa sababu ana wageni, naye ni sehemu ya tatizo. Anataka mmea uwe kama bando: unalipia, unapata ujumbe, unaanza kutumia. Kiazi hakina ujumbe wa kuthibitisha malipo. Ila kati ya asiyejua na anayejua akanyamaza, wa pili ndiye wa kubanwa kwanza.

Kitu kingine ambacho hakisemwi: mmea ukikubali, unakua. Aponogeton ulvaceus ya Madagascar inaweza kupita nusu mita. Yungiyungi linapeleka majani juu ya maji na kufunika tangi lote kama mwavuli, vilivyo chini vikakosa mwanga, kwa hiyo yale majani ya juu lazima yakatwe mara kwa mara. Ule mmea wa Madagascar wenye majani kama wavu, Aponogeton madagascariensis, ndiyo unaopigwa picha zaidi kwa sababu unapendeza kweli: matundu yake yanatokea pale seli za jani zinapojiua zenyewe kwa mpangilio, na wanasayansi wanausoma maabara kwa sababu hiyo. Lakini ni mmea mgumu kuutunza hata kwa wazoefu. Kumuuzia mwanafunzi wa chuo mwenye ndoo ya kioo na kumwambia "huu haufi" ni dhambi ya wazi.

Na baadhi ya Aponogeton zina mapumziko. Baada ya miezi kadhaa majani yanakwisha, kinabaki kiazi kitupu. Hakijafa, kimelala, kinasubiri msimu wake kama viazi vikuu vya bibi vinavyosubiri mvua. Asiyejua anakitupa, kisha anarudi kununua kingine kwa staa yuleyule. Biashara nzuri hiyo, mteja anatupa mali yake mwenyewe na kuinunua upya.

Swali ni kwamba anaitupa wapi. Wapo wanaochoka na tangi wakamwaga kila kitu, samaki, maji na majani, kwenye mtaro au mto wa karibu. Wakazi wa Mwanza, Bukoba na Kisumu hawahitaji kuhadithiwa zaidi. Magugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu ndio waliyasambaza duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau la kupamba mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana Ziwa Victoria, yakafunga mialo, yakanasa mitumbwi, na mpaka leo yanatolewa. Yalianza kama pambo. Mmea usiotakiwa ukaushwe juani mpaka ufe kabisa, ndipo uende jalalani.

Kinachochekesha ni kwamba yungiyungi linalouzwa kwa mbwembwe za "mzigo kutoka nje" lina ndugu zake hapahapa. Nymphaea lotus ni mmea wa Afrika, na lipo yungiyungi la buluu ambalo wataalamu walilipa jina la zanzibariensis, yaani la Zanzibar. Mtu anapigwa bei ya kuku wa kienyeji kwa mmea ambao jina lake la kisayansi limebeba jina la kisiwa cha jirani, na aliyemuuzia hajui!

Kwa hiyo madai ni machache na hayahitaji digrii. Anayeuza balbu aandike jina la mmea kwenye pakiti. Aseme wiki, siyo siku. Aseme urefu wake na joto la maji. Abadilishe iliyooza. Na akipiga klipu, aoneshe na zile wiki mbili za kiazi kukaa kimya, maana ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Mnunuzi naye abonyeze kabla ya kulipa: ngumu inanunuliwa, laini inaachwa mezani kwa mwenyewe. Akifika nyumbani aianzishe kwenye bakuli la pembeni, ikichipua ndipo ihamie kwa samaki. Ikioza, imeoza bakulini, samaki wako salama.

Staa atakayeona haya ni magumu aendelee kutangaza sabuni na mawigi, huko hakuna anayekosa hewa.

Mdau, wewe balbu yako iliota au ulipigwa? Dondosha maoni hapo chini, na sema ulisubiri wiki ngapi.